Mimi ni mwanafunzi wa uhandisi wa umeme kutoka Korogwe: masomo yangu, mto Pangani na vitu ninavyovipenda

Wakuu, shikamooni wakubwa zangu, na wenzangu habari zenu. Nimesoma nyuzi za watu kimyakimya tangu nikiwa Advance (kidato cha tano na sita), leo nami nimeona niweke wa kwangu. Kilichonisukuma ni mdogo wangu mmoja anayesoma PCM (fizikia, kemia na hesabu). Ameniuliza: "Dada, huko uhandisi wa umeme mnasoma nini hasa, zaidi ya kuvuta waya na kufunga swichi?" Jibu lake ni refu kuliko ujumbe wa simu, kwa hiyo naliweka hapa na wengine wanufaike. Uzi ni mrefu, vuteni viti.

Kwanza mimi ni nani. Ni binti wa Korogwe, mkoa wa Tanga. Baba Mzigua, mama Msambaa. Niko mwaka wa tatu, shahada ya uhandisi wa umeme, pale Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambako uhandisi ulianza kufundishwa 1973. Kozi yetu ni miaka minne, tofauti na shahada nyingi zinazoisha kwa mitatu, na likizo ndefu hatukai nyumbani: tunakwenda PT, yaani mafunzo kwa vitendo, kwenye viwanda, vituo vya umeme au karakana. Bumu, yaani fedha ya mkopo ya kujikimu, likiingia mapema maisha yanakwenda, likichelewa tunapika pamoja chumba kizima. Hayo wengi mnayajua, siyaendelezi.

Ndani ya umeme kuna njia nyingi. Kuna wanaopenda mawasiliano, wanaopenda elektroniki, wanaopenda mifumo ya kujiendesha viwandani. Mimi moyo wangu uko kwenye umeme mkubwa: kuuzalisha, kuusafirisha na kuhakikisha haukatiki. Na sababu yake ni mto.

MTO PANGANI

Ukitoka Segera ukashika barabara ya Tanga, kabla hujafika Muheza unapita Hale. Wengi wanapita pale wakiangalia mashamba ya mkonge tu. Hawajui kwamba kuna kituo cha umeme ambacho mitambo yake imekaa chini ya ardhi, kimejengwa 1964, uwezo wake megawati 21. Kwa hesabu za leo ni kidogo, lakini sisi watoto wa kule tumekua tukisikia wazee wakikitaja kama jambo la heshima, na mimi nilipoanza kusoma fizikia ya maji na nishati nilikuwa tayari najua inapofanyikia.

Sasa angalieni mto wenyewe unavyofanya kazi. Maji yanatoka kwenye miteremko ya Meru na Kilimanjaro, yanashuka kwa mito ya Kikuletwa na Ruvu (hii Ruvu ya Kilimanjaro, si ile ya Pwani), yanakutana kwenye bwawa la Nyumba ya Mungu. Pale yanazalisha megawati 8. Yanaendelea kushuka, yanapita Korogwe, yanafika Hale. Yakitoka Hale yanashuka tena hadi kituo cha Pangani Falls, megawati 68, kilichokamilika katikati ya miaka ya 1990 kuchukua nafasi ya kile cha zamani cha wakati wa Mwingereza. Ndipo yanakwenda baharini pale Pangani mjini.

Maji yaleyale, vituo vitatu. Turbini, yaani gurudumu linalozungushwa na maji, haiyali maji, haiyachafui, inachukua tu nguvu ya kushuka kwake. Hesabu yake ni rahisi na naipenda mno: maji ya mita moja ya ujazo kila sekunde, yakishuka mita 100, yanabeba takriban kilowati 980. Ukitoa hasara za mabomba, turbini na jenereta, unabaki na kilowati mia nane na kitu. Ongeza maji au ongeza kimo cha kuanguka, umeme unaongezeka kwa uwiano uleule. Ndiyo maana Kihansi, kituo kingine cha umeme wa maji kisicho cha mto huu, maji si mengi lakini yanaanguka zaidi ya mita 800, na wanapata megawati 180.

Hata hivyo mto huo si wa wahandisi wa umeme peke yao. Juu kule kuna wakulima wa migomba, mpunga na mboga wanaofungua mifereji, kuna mashamba ya miwa, kuna miji inayokunywa. Kila tone linalobaki shambani halifiki Hale. Hii si lawama kwa mkulima, chakula ni chakula. Nasema tu kwamba anayetaka kuwa mhandisi wa umeme wa maji lazima ajue kukaa na mkulima na mtu wa bonde la mto na kusikilizana nao, la sivyo mitambo yake itakaa bila maji.

Na kwa kuwa nimeitaja Kihansi, siwezi kuiacha bila kumtaja chura wake. Mwaka 1996 wataalamu waligundua kwenye bonde lile chura mdogo wa rangi ya njano ambaye hakuonekana popote pengine duniani. Anaishi kwenye manyunyu ya maporomoko. Maji yalipoelekezwa kwenye mitambo, manyunyu yalipungua, ikabidi wafungiwe mabomba ya kunyunyizia. Pamoja na hayo chura wakapotea, na ugonjwa wa ukungu ukatajwa pia kuwa sababu. Mwaka 2009 ikatangazwa kwamba hayupo tena porini. Walionusurika walikuwa wale waliopelekwa kutunzwa Marekani, na tangu 2010 wamerudishwa nchini, wengine wakatunzwa hapa hapa chuoni kwetu kabla ya kurejeshwa bondeni. Mimi nikisoma habari hii siioni kama ya watu wa wanyamapori. Naiona ya kwetu. Aliyepiga hesabu ya maji ya turbini ndiye aliyepaswa pia kupiga hesabu ya maji ya bondeni.

KITU KIMOJA NINACHOKIPENDA KULIKO VYOTE DARASANI

Ni masafa, yaani wimbi la umeme linajirudia mara ngapi kwa sekunde. Hezi 50, maana yake mara 50.

Kila jenereta iliyounganishwa kwenye gridi ya taifa, iwe Hale, Kidatu, Mtera, mitambo ya gesi ya Dar es Salaam au lile bwawa kubwa la Mwalimu Nyerere kule Rufiji, inazunguka kwa mwendo uliofungamana na wa nyingine zote. Hazizunguki kasi sawa, maana idadi ya ncha za sumaku inatofautiana. Yenye ncha 2 inazunguka mara 3,000 kwa dakika, yenye ncha 4 mara 1,500, yenye ncha 16 mara 375. Lakini zote zinatoa hezi 50, na moja ikisukumwa kutoka kwenye mstari, zile nyingine zinaivuta irudi. Hazina shafti inayoziunganisha. Kinachoziunganisha ni nyaya tu, mamia ya kilomita za nyaya.

Saa moja jioni watu wanarudi nyumbani, wanawasha taa, pasi, majiko, televisheni. Umeme wa gridi haujawekwa kwenye ghala, kwa hiyo lazima kinachotumika na kinachozalishwa vilingane sekunde kwa sekunde. Matumizi yakipanda ghafla, nguvu ya ziada ya mwanzo inatoka kwenye uzito wa rota zinazozunguka. Zinapunguza mwendo kidogo sana, masafa yanashuka, tuseme hadi 49.9. Gavana ya kila mtambo, yaani kifaa kinachodhibiti mwendo wake, inauona mshuko huo na kufungua mlango wa maji au wa gesi zaidi. Mwendo unarudi. Hakuna aliyepiga simu. Mtambo wa Rufiji na mtambo wa Kidatu vimepokea taarifa ileile kupitia masafa yaleyale, na kila kimoja kimefanya sehemu yake.

Shida inakuja pale mtambo mkubwa unapotoka ghafla. Rufiji kuna mitambo tisa, kila mmoja megawati 235, jumla 2,115. Mmoja ukitoka wakati unafanya kazi kamili, ni sawa na kuondoa kituo kizima cha Kidatu (megawati 204) na zaidi kwa mara moja. Masafa yanaporomoka, na hapo kuna vifaa vinavyokata baadhi ya maeneo kwa makusudi ili kuokoa mengine. Visipowahi, mitambo inajilinda kwa kujitoa mmoja baada ya mwingine, na nchi inaingia gizani. Kuirudisha ni kazi ya hatua kwa hatua: kwanza kituo kinachoweza kujiwasha chenyewe, mara nyingi cha maji kwa sababu hakihitaji umeme mwingi kuamka, halafu laini moja, halafu mzigo kidogo, halafu kituo kingine.

Nikimaliza chuo, ndoto yangu ni chumba cha kuendesha gridi. Wapo wanaotamani kujenga, na ni jambo jema. Mimi natamani kukaa pale ambapo usiku kucha mtu anaangalia namba ile 50 na kujua hospitali, viwanda na nyumba za nchi nzima zimeishikilia.

MASWALI NILIYOYAKUTA CHINI YA UZI HUU

*"Dada hongera. Mimi nina mashine ya kusaga huku Handeni. Kila nikiiwasha, taa za majirani zinafifia, wananilalamikia. Tatizo ni mita?"*

Asante kaka, na karibu nyumbani. Mita haihusiki. Mota yako ikiwa imesimama, wakati wa kuamka inavuta mkondo mara tano hadi saba ya ule wa kawaida. Kama transfoma iko mbali na waya ni mwembamba, mkondo huo unapunguza volti ya laini nzima kwa sekunde chache, ndiyo taa zinafifia. Kama mota ni ya fezi tatu na inaruhusu, mwambie fundi mwenye leseni akufungie kiwashio cha staa-delta: mkondo wa kuamkia unashuka hadi theluthi. Lakini nguvu ya kuzungusha nayo inashuka hadi theluthi, kwa hiyo iwashe ikiwa tupu, ichanganye kwanza, ndipo umimine mahindi. Ikishindikana, tatizo ni laini, na hiyo peleka maombi rasmi.

*"Fezi tatu ndiyo nini hasa? Fundi wangu anaitaja kila siku ila hajawahi kunielewesha."*

Nitakupa mfano mmoja. Umewahi kuona kina mama watatu wanatwanga kinu kimoja? Mchi wa kwanza unapanda, wa pili uko katikati, wa tatu unatua. Hawagongani, na kinu hakikosi pigo. Fezi tatu ni mawimbi matatu ya umeme yaliyopishana kwa theluthi ya mzunguko. Likishuka moja, mengine yamebeba, na ukijumlisha nguvu ya yote matatu unapata kiasi kisichopanda wala kushuka. Ndiyo maana mota ya fezi tatu inazunguka kwa utulivu na inaamka yenyewe, wakati ya fezi moja inahitaji kapasita ya kuiamsha.

*"Vyuo vyetu ni nadharia tupu. Nimefanya kazi na wahitimu, hawajui hata kushika mita. Bora VETA, vyuo vya ufundi stadi."*

Mkuu, nakuelewa na nakuheshimu, umeanza kazi sijazaliwa pengine. Fundi wa VETA ananishinda kwa mbali kwenye kufunga nyumba, na PT nimejifunza mengi kutoka kwao. Lakini nadharia haikuwekwa pale kwa kupoteza muda. Chukua laini ya umeme mkubwa. Hasara ndani ya waya inakwenda kwa mraba wa mkondo. Ukipandisha volti mara mbili kwa nguvu ileile, mkondo unakuwa nusu, hasara inakuwa robo. Kutoka kilovolti 220 kwenda 400, kwa waya uleule, hasara inashuka chini ya theluthi. Umeme wa Rufiji unaletwa Chalinze kwa kilovolti 400 kwa sababu kama hiyo. Uamuzi huo haufanyiki kwa kushika mita, unafanyika kwa kalamu na kompyuta miaka kadhaa kabla nguzo ya kwanza haijasimama. Tunahitajiana. Ninachokubaliana nawe kabisa ni kwamba karakana zinahitaji vifaa zaidi na PT inahitaji usimamizi wa karibu zaidi.

*"Salamu kutoka Naivasha. Nyinyi mna maji, sisi tuna mvuke. Ukija Olkaria nitakuonyesha umeme usiojali kiangazi."*

Ndugu yangu, Olkaria iko kwenye orodha yangu ya safari tangu kidato cha sita! Mmeanza kuzalisha pale 1981 kwa mtambo wa megawati 15, leo mvuke wa ardhini ndio unaobeba sehemu kubwa zaidi ya umeme wa Kenya. Mvua ikikosekana sisi tunaangalia mabwawa kwa wasiwasi, nyinyi visima vinaendelea kutoa. Na sasa laini ya kilovolti 400 kutoka Isinya kupitia Namanga hadi Singida imeunganisha gridi zetu, maana yake mitambo yenu na yetu inaweza kushika hezi 50 pamoja. Turkana nayo natamani niione: mitambo 365 ya upepo, megawati 310, kwenye jangwa. Upepo hauna ratiba, na namna mnavyousawazisha na mvuke ni somo ambalo ningependa kuliandikia mradi wa mwaka wa nne.

*"Hita ya kuogea inanimalizia uniti. Ni kweli?"*

Kweli kabisa, mama. Uniti moja ni kilowati moja kwa saa moja. Hita ya wati 4,000 inamaliza uniti moja ndani ya dakika 15. Taa ya LED ya wati 10 inahitaji saa 100 kumaliza uniti hiyohiyo. Usihangaike kuzima taa huku hita inakunywa. Na kwenye maharage, jiko la presha la umeme ni rafiki yako, maana likishapata moto linajikata na joto linabaki ndani.

VITU NINAVYOVIPENDA NJE YA DARASA

Bao. Hili linakuja la kwanza. Babu alinifundisha bao la Kiswahili: mashimo 32, kete 64, kila mchezaji anaanza na kete 10 ubaoni, sita ndani ya nyumba na mbili mbili kwenye mashimo yanayofuata, na 22 zimebaki mkononi za kunamua, yaani kuziingiza ubaoni moja moja. Watu wanadhani bao ni mchezo wa wazee wa kijiweni. Kaa na mchezaji mzuri uone anavyosambaza kete kichwani, mizunguko kadhaa mbele, akijua ya mwisho itatua wapi na italeta nini. Niliposoma njia ya Newton-Raphson ya kukadiria mtiririko wa umeme kwenye gridi, ambapo unabadilisha thamani moja na athari zake zinazunguka mtandao mzima, sikuona ugeni. Nimeanza kuandika programu ya bao kwa Python. Kunamua tayari, mtaji (hatua ya pili, kete za mkononi zikiisha) bado unanisumbua kwa sababu kanuni za kutakata, yaani kucheza bila kula, zina vipengele vingi. Mwenye uzoefu wa kanuni za Zanzibar anisaidie.

Mpira: Coastal Union, Wagosi wa Kaya, mabingwa wa 1988. Simba na Yanga nawatakia heri.

Chakula: machungwa ya Muheza, na ugali wa bada (unga wa muhogo) kwa samaki wa nazi. Dar es Salaam bada nzuri haipatikani kirahisi, nikienda nyumbani mama anajua.

Muziki: taarabu ya zamani ya Tanga, enzi za Black Star na Lucky Star. Bibi alikuwa na kaseti zake na redio ya betri.

Na treni. Tangu SGR ianze kwenda Dodoma Julai 2024, nikipata nafasi napanda kwa furaha ya kitaaluma kabisa. Inavuta umeme wa kilovolti 25 wa fezi moja kutoka kwenye gridi ya fezi tatu, ikikimbia hadi kilomita 160 kwa saa. Mzigo mkubwa kiasi hicho ukikaa kwenye fezi moja tu unaegemeza gridi upande mmoja, kwa hiyo vituo vya kulisha reli vinagawanywa kwenye fezi tofauti njia nzima. Abiria wanaangalia madirishani, mimi naangalia waya wa juu.

MAWILI YA MWISHO

*"Dada, nina diploma ya umeme, nimekosa nafasi ya Advance. Naweza kuwa mhandisi?"*

Unaweza, mdogo wangu. Darasani kwetu wapo waliopitia diploma, na kwenye karakana ndio wanaotuongoza. Angalia sifa za kujiunga za kila chuo, kuna DIT, MUST ya Mbeya, Chuo cha Ufundi Arusha na sisi Mlimani, GPA ya diploma ndiyo inayopimwa. Ukishahitimu shahada, jiandikishe Bodi ya Usajili wa Wahandisi kama mhandisi mhitimu. Kuna mafunzo ya miaka mitatu chini ya wahandisi wenye uzoefu kabla hujasajiliwa kuwa mhandisi mtaalamu. Anza kuweka kumbukumbu za kazi zako mapema, kila unachofanya PT kiandike na kisainiwe. Na hesabu uzipende: milinganyo ya tofauti (differential equations) na namba changamano zinaingia kila kona ya kozi hii.

*"Transfoma ya mtaani kwetu inavuma usiku, watoto wanaogopa. Ni hatari?"*

Mvumo wa kawaida si hatari. Chuma cha ndani kinarefuka na kufupika kidogo sana kila sumaku inapopanda na kushuka, mara mbili kwa kila mzunguko, ndiyo maana mlio wake ni wa hezi 100. Usiku mnausikia zaidi kwa sababu mtaa umetulia. Ila mlio ukibadilika ukawa wa kupasuka, ukiona cheche, mafuta yanachuruzika au harufu ya kuungua, waondoe watoto, msiisogelee wala kugusa nguzo na waya wa kuishikilia, na mpige simu ya dharura ya TANESCO hapohapo.